Kiungo Kimoja, Macho Matatu: Namna ya Kusoma Anatomia na Baiolojia ya Seli Mwaka wa Kwanza Chuoni

Mwaka wangu wa kwanza nilikuwa na madaftari matatu: la anatomia ya mezani (kupasua miili), la histolojia (tishu chini ya hadubini) na la embriolojia (ukuaji wa mimba). Yote yalijaa michoro ya rangi, na hayakuwahi kukutana. Siku ya mtihani wa mdomo mwalimu aliniuliza swali moja tu: "Kwa nini mgonjwa wa kidole tumbo hulalamikia kitovu kwanza, kabla maumivu hayajashuka upande wa kulia?" Nilijua kidole tumbo kilipo. Nilijua kinavyoonekana chini ya hadubini. Nilijua hata utumbo wa mimba unavyojizungusha. Nikabaki kimya, maana kila kipande cha jibu kilikuwa kwenye daftari lake. Nilisapu, yaani nilifeli nikatakiwa kurudia mtihani. Likizo ile ya kurudia ndiyo iliyonipa ninayoyaandika hapa.

Namwandikia mdogo wangu anayetoka JKT na barua ya udahili mkononi, aliyesoma PCB (fizikia, kemia na baiolojia) na sasa anaingia udaktari, meno au uuguzi. Iwe Muhimbili, Bugando, KCMC, Dodoma, Chiromo kule Nairobi au Mulago kule Kampala, mwaka wa kwanza unafanana kwa mengi: darasa ni kubwa, muda ni mfupi, na mwili mzima wa binadamu unakusubiri pamoja na seli zake.

Hatua ya 1: Kabla chuo hakijafunguliwa

Usinunue vitabu kwa pupa. Bumu la kwanza, yaani pesa ya mkopo wa wanafunzi, likiingia utaona wenzako wanabeba vitabu vizito vitano, na wengi hawatavuka sura ya tatu. Kitabu kimoja cha anatomia, atlasi moja na kitabu kimoja chembamba cha histolojia vinatosha; vingine viko maktaba. Pesa inayobaki nunua makoti mawili meupe, kwa sababu koti la chumba cha miili halipaswi kuingia bwenini wala kantini. Nunua boksi la glovu na penseli za rangi nne: nyekundu kwa ateri, bluu kwa vena, njano kwa neva, kijani kwa limfu. Atlasi karibu zote hutumia rangi hizohizo, kwa hiyo jicho lako litazoea mapema.

Kisha fungua daftari lako la kidato cha tano, mada ya seli. Wengi hudhani ile ilikuwa ya kufaulia mtihani wa taifa tu. Utando wa seli, mitokondria, ribosomu, mgawanyiko wa seli, kromosomu 46 katika jozi 23: hayo yote yatadaiwa wiki ya kwanza, na mhadhiri hatayarudia.

Hatua ya 2: Fanya urafiki na majina

Kinachowaangusha wengi ni wingi wa majina ya Kilatini na Kigiriki, wala si ugumu wa akili. Usiyakariri kama mawe. Kila jina lilitungwa na mtu aliyetazama kitu akakifananisha na kitu kingine cha nyumbani kwake. Tibia ni filimbi. Fibula ni pini ya kufungia nguo, na kweli mfupa ule umekaa ubavuni mwa tibia kama ulimi wa pini. Pelvisi ni beseni. Asetabulamu, shimo la nyonga kinamozunguka kichwa cha mfupa wa paja, ni kikombe kidogo cha siki. Klavikula ni ufunguo mdogo. Kokilia ya sikio ni konokono. Neva ya vagasi ni mzururaji, na ukiifuata kuanzia kichwani, shingoni, kifuani hadi tumboni, utakubali jina ni lake.

Sasa fanya jambo ambalo vitabu havitakufundisha: weka jina la Kiswahili ubavuni mwa kila jina hilo. Wazee wetu nao walitazama. Mfupa wa mbele ya goti waliuita pia ya goti, kwa ile pia wanayochezea watoto. Kinyama kinachoning'inia kooni Warumi walikiita zabibu ndogo, sisi tukakiita kilimi, yaani ulimi mdogo. Kile ambacho Kilatini kinakifananisha na mnyoo, Kiswahili kimekiita kidole cha tumbo. Jina moja likikutoroka, lingine linakushika mkono. Tengeneza orodha yako: mtulinga, muundi, kwapa, kinena, umio, zoloto, kongosho, wengu, kiwambo, kondo la nyuma.

Kuna faida nyingine utakayoiona ukifika wodini. Mgonjwa hatakwambia epigastriamu, atakwambia "naumwa chembe ya moyo", na ukidhani anazungumzia moyo utampeleka pasipohusika. Lipo pia neno moja linalohitaji uangalifu wa pekee, nalo ni mshipa. Mtaani mshipa ni ateri, ni vena, ni neva, ni kano, na mtu akisema "nina mshipa" huenda ana ngiri. Darasani huna ruhusa ya kuacha utata huo. Tangu siku ya kwanza jizoeze kusema ateri, vena, neva au kano kila moja kwa jina lake, hata mnapopiga soga bwenini.

Hatua ya 3: Panga wiki kwa kiungo

Hapa ndipo penye moyo wa mwongozo huu, na ndipo nilipopotea mimi.

Ratiba ya chuo itakupa somo la mezani Jumatatu, histolojia Jumatano, embriolojia Ijumaa, na mara nyingi kila moja iko sehemu yake ya mwili. Mezani mko mkononi, kwenye hadubini mko kwenye ini, embriolojia iko kwenye moyo. Ratiba hiyo huwezi kuibadilisha. Unachoweza kubadilisha ni saa zako za jioni. Chagua kiungo kimoja kila wiki, kisha kitazame mara tatu: kwa macho matupu, kwa hadubini, na kilivyokuwa kwenye mimba. Vyote vitatu viingie kwenye ukurasa mmoja wa daftari moja. Mhadhiri asipokuwa amefika huko, wewe tangulia.

Nitachukua kidole tumbo kilichoniangusha, uone namna ukurasa unavyojaa.

Jicho la kwanza, mezani. Kidole tumbo kinatoka kwenye sekamu, mwanzo wa utumbo mpana, chini kulia. Ncha yake inaweza kulala nyuma ya sekamu au kuning'inia kuelekea nyonga, lakini shina lake halihami. Utumbo mpana una mikanda mitatu ya misuli inayokwenda kwa urefu wake, na yote mitatu hukutana penye shina la kidole tumbo. Daktari wa upasuaji asipokiona hufuata mkanda mmoja kushuka chini, naye atakifikia. Kwa nje, shina hilo huwa kwenye theluthi ya kwanza ya mstari unaotoka kwenye ncha ya mbele ya mfupa wa nyonga ya kulia kwenda kitovuni. Jiguse sasa hivi, uipate.

Jicho la pili, hadubini. Katikati kuna uwazi mwembamba, na ukutani mwake kumejaa mafundo ya rangi ya zambarau. Hayo ni makundi ya limfosaiti, askari wa mwili. Yakivimba, au kinyesi kigumu kikikwama, ule uwazi mwembamba unaziba. Ute hauna pa kutokea, bakteria wanazaliana, shinikizo linapanda. Ugonjwa umeanza mbele ya macho yako.

Jicho la tatu, mimba. Wiki ya 6 utumbo wa kati unakua haraka kuliko tumbo, basi unatoka nje na kuingia kwenye kitovu. Ukiwa huko na wakati wa kurudi unajizungusha nyuzi 270 kuuzunguka mshipa wake wa damu, ateri ya mesenteri ya juu, na wiki ya 10 unarejea ndani. Mtoto ambaye utumbo wake haukurejea huzaliwa nao ukiwa ndani ya mfuko kitovuni. Kidole tumbo ni sehemu ya utumbo huo wa kati, na neva zake za hisia huingia kwenye ugwe wa mgongo usawa wa pingili ya kumi ya kifua. Usawa huohuo ndio unaopokea hisia za ngozi ya kitovu.

Jibu la mwalimu wangu liko hapo sasa. Mwanzoni kidole tumbo chenyewe ndicho kinacholalamika, na ubongo unasikia sauti ikitoka kitovuni kwa sababu njia ni moja. Uvimbe ukifikia utando unaofunika ukuta wa tumbo kwa ndani, wenye neva zake za hapohapo, maumivu yanahamia kulia chini. Ukurasa mmoja, aya tatu. Ningekuwa nao siku ile nisingesapu.

Fanya hivyo kwa kongosho, figo, pafu, tezi ya shingo, kondo la nyuma. Kwa mgongo, anza na mimba. Mrija unaozaa ubongo na ugwe wa mgongo hufunga kufikia siku ya 28, wakati wanawake wengi hawajajua kama wana ujauzito. Usipofunga chini, mtoto anazaliwa na mgongo wazi, na wengi wao hupata pia kichwa kikubwa kwa sababu ya maji kujaa kwenye ubongo. Taasisi ya Mifupa Muhimbili, MOI, huwafanyia upasuaji watoto hawa. Ndiyo maana vidonge vya asidi ya foliki vinatakiwa vianze kabla ya ujauzito. Ukishaliona hilo, embriolojia inaacha kuwa hadithi ya siku na wiki.

Hatua ya 4: Kwenye meza ya marehemu

Katika vyuo vingi vya Afrika miili ya kufundishia ni ya watu waliofariki na ndugu hawakujitokeza kuwachukua. Aliyelala mezani hakupata mazishi kwa wakati wake, na hakuna aliyemuuliza. Kwa hiyo nakuomba umwite marehemu, wala usimpachike jina la utani. Funika uso na sehemu za siri pale zisipokuwa somo la siku. Simu ikae kwenye begi. Picha ya mezani ikitoka nje ya chumba kile, hairudi. Vipande vidogo vya nyama na mafuta viwekwe kwenye chombo cha meza yenu na si popote, maana mwisho wa yote vinatakiwa vizikwe pamoja naye.

Siku ya kwanza fomalini itakuliza machozi, na huenda usile nyama wiki nzima. Hilo ni la kawaida. Ukihisi kizunguzungu toka nje ukae chini, hakuna atakayekucheka. Ila fomalini yenyewe usiidharau: mwaka 2004 wakala wa saratani wa Shirika la Afya Duniani uliiweka fomaldihaidi kwenye kundi la vitu vinavyojulikana kusababisha saratani kwa binadamu. Vaa glovu na barakoa, usivae lenzi za machoni, sukuma madirisha yawe wazi, na usiinamishe uso hadi karibu na kifua cha marehemu hata kama kundi ni kubwa na huoni.

Kuhusu makundi makubwa: wote wakijazana kushika kisu, hakuna anayejifunza. Gaweni kazi. Mmoja anakata, mmoja anashikilia kwa koleo, mmoja anasoma maelekezo kwa sauti, mmoja ameshika atlasi na kuonyesha kinachofuata. Kila kipindi mnabadilishana. Yule msomaji ndiye wengi wanayekwepa kuwa, na kwa uzoefu wangu ndiye anayeondoka na mengi.

Kisu kitumie kwa ngozi tu, kisha kiweke. Neva na mishipa ya damu hufunuliwa kwa ncha ya mkasi uliofungwa, ukiusukuma ndani na kuufungua polepole, au kwa kidole. Usikate kitu usichokijua jina. Ukishakata neva ya kwapa kwa haraka, kundi zima limeipoteza kwa mwaka mzima. Mkimaliza, lowesheni vitambaa na kumfunika vizuri. Sehemu iliyokauka huwa kama ngozi ya ngoma, na wiki inayofuata hamtaona chochote.

Halafu tembelea meza za wenzako. Miili haifanani. Kitabu kinakupa mpangilio ulio wa kawaida zaidi, lakini meza ya pili ateri inaweza kutokea mahali pengine kabisa. Mwanafunzi aliyeona meza moja tu hushtuka siku ya mtihani.

Hatua ya 5: Hadubini

Kabla ya kuweka slaidi, inue juu ya mwanga uitazame kwa macho. Umbo lake, lina uwazi katikati au ni nene tupu, lina tabaka ngapi. Nusu ya jibu hupatikana hapo. Kisha anza na lenzi ndogo kuliko zote, ya mara 4, ambayo pamoja na lenzi ya jicho ya mara 10 inakupa ukuzaji wa mara 40. Zunguka slaidi nzima kama mtu anayepita mtaani kabla ya kubisha hodi kwa mtu. Ndipo upande kwenye ya 10, kisha ya 40. Lenzi ya 100 inahitaji tone la mafuta yake, na kwa tishu nyingi huihitaji. Ni ya damu na vimelea kama vya malaria. Ukiwa kwenye ya 40 au ya 100 usiguse kirungu kikubwa cha kurekebisha, tumia kidogo peke yake, la sivyo utapasua slaidi ambayo chuo hakina nyingine.

Rangi zina maana. Slaidi nyingi zimepakwa hematoksilini na eosini. Hematoksilini hushika vitu vyenye tindikali, hasa DNA na RNA, ikavipa bluu ya zambarau. Eosini hushika protini nyingi zilizobaki, ikazipa waridi. Ukiona seli ambayo sehemu yake nje ya kiini ni ya zambarau, jua ina ribosomu nyingi na kazi yake ni kutengeneza protini za kupeleka nje ya seli. Seli za kongosho zinazotoa vimeng'enyo ziko hivyo upande wa chini. Ukiona seli ya waridi iliyokolea, huenda imejaa mitokondria na inakula nishati nyingi, kama zile za tumbo zinazotoa asidi. Seli ya mafuta itaonekana tundu jeupe lenye ukingo mwembamba, kwa sababu mafuta yenyewe yaliyeyushwa na dawa wakati slaidi inatengenezwa. Ukishaelewa hivyo, unatazama rangi na kusema kazi ya seli kabla hata hujajua jina lake.

Rula unayo ndani ya slaidi. Chembe nyekundu ya damu ina upana wa mikromita 7 hadi 8. Itafute kwenye mshipa wowote mdogo, kisha linganisha.

Tatizo kubwa la wanafunzi kwenye hadubini, naomba nilikalie kidogo, ni kusahau kwamba wanatazama kipande chembamba cha kitu kinene. Nenda jikoni. Chemsha yai, likate mkato mmoja katikati na mwingine karibu na ncha. Mkato wa katikati una kiini cha njano, wa ncha hauna. Kwa hiyo seli isiyo na kiini kwenye slaidi yako huenda inacho, kisu tu kimepita pembeni. Sasa kata ndizi iliyopinda: ukikata kwa upana unapata duara, ukikata mshazari unapata yai refu, ukikata kwa urefu unapata mfereji. Mirija ya figo inakatwa hivyohivyo, yote kwenye slaidi moja. Mimi jioni moja na ndizi mbili zilinifungulia figo nzima.

Na uchore. Kila slaidi, kwa mkono wako, kwa rangi mbili. Picha ya simu haikulazimishi kuamua mpaka wa seli uko wapi, penseli inakulazimisha.

Hatua ya 6: Soma seli kupitia ugonjwa

Baiolojia ya seli ndiyo inayosomwa vibaya kuliko yote, kwa sababu huioni ikigusa mwili. Njia niliyoiona inafaa ni kuchukua kila kipande cha seli na kukitafutia ugonjwa unaotokea kikiharibika.

Chukua silia, vile vinywele vidogo juu ya seli za njia ya hewa. Ukikata silia moja upana, ndani kuna jozi 9 za mikrotubuli, vijibomba vyembamba vya protini, zilizozunguka mikrotubuli 2 za katikati. Baina ya jozi hizo kuna protini iitwayo dineini, na hiyo ndiyo injini inayozipigisha. Mwanafunzi anakariri "9 na 2", anaandika, anasahau.

Sasa msikilize mgonjwa. Tangu utotoni ana mafua na kikohozi kisichoisha, maana silia zake hazipigi na makohozi hayasogezwi. Ni mwanamume, hapati mtoto, kwa sababu mkia wa mbegu ya kiume umejengwa kwa mpango uleule. Unaweka kipima-moyo kifuani kushoto, husikii vizuri. Unahamia kulia, moyo uko huko, na ini liko kushoto. Daktari wa Uswisi, Manes Kartagener, alieleza mkusanyiko huo wa dalili mwaka 1933. Miaka ya 1970 Björn Afzelius wa Sweden akaonyesha kwamba tatizo liko kwenye mikono ya dineini. Na moyo unaingiaje? Mimba ikiwa bado changa, silia chache husukuma umajimaji kuelekea upande mmoja, na hapo ndipo mwili unapojua kushoto ni wapi. Zisipopiga, upande unachaguliwa kwa bahati. Ndiyo maana takribani nusu tu ya wenye silia zisizopiga hugeuzwa viungo. Protini moja, na moyo wa mtu umehamia upande wa pili. Ukisimulia hivyo kwenye diskasheni, hakuna atakayesahau "9 na 2".

Fanya vivyo hivyo kwa mitokondria, kwa lisosomu, na kwa himoglobini ya selimundu, ambamo asidi amino moja tu, ya sita kwenye mnyororo wa beta, imebadilika. Ugonjwa huo wengi wetu tunao kwenye ukoo. Huna haja ya kuutafuta mbali.

Hatua ya 7: Piga msuli kwa mkono na kwa mdomo

Chuoni kusoma kwa bidii tunakuita kupiga msuli, na kwa anatomia maneno hayo yachukue kwa maana yake halisi: tumia mwili wako. Kunja kiwiko dhidi ya meza uguse msuli unaosimama. Papasa mapigo ya ateri kinenani, nyuma ya goti na juu ya unyayo. Gonga kiwiko upande wa ndani, pale panapochoma kama umeme hadi kidole kidogo. Umegonga neva ya alna.

Mchoro mmoja ujue kwa usingizi: mtandao wa neva za mkono unaotokea shingoni. Mizizi 5, mashina 3, migawanyo 6, kamba 3, matawi makuu 5. Uchore kila asubuhi kwenye karatasi tupu hadi uchukue chini ya dakika moja. Kisha uunganishe na mfupa. Kijana ameanguka na bodaboda, mfupa wa mkono wa juu umevunjika. Umevunjika karibu na bega? Hofia neva ya aksila, muombe ainue mkono pembeni. Katikati ya mfupa? Hofia neva ya radia, kiganja kitaning'inia. Upande wa ndani wa kiwiko? Neva ya alna, vidole vya mwisho vitajikunja. Sehemu tatu za mfupa mmoja, neva tatu, wagonjwa watatu utakaowakuta mapokezi kweli.

Diskasheni isizidi watu wanne. Kila mmoja apewe kiungo, afundishe bila daftari, wengine wamuulize kwa nini. Kwa nini sindano ya makalio hupigwa robo ya juu ya nje? Kwa sababu neva ya siatiki, nene kama kidole, hupita chini ndani. Asiyeweza kujibu arudi akasome, bila kutahayarishwa. Ukurasa wa kiungo ujikumbushe usiku uleule, baada ya siku mbili, kisha baada ya wiki, kila mara ukiwa umefunika na unaandika unachokumbuka. Kusoma tena na tena huku umefungua kunakupa tu hisia ya kujua.

Hatua ya 8: Siku ya OSPE

OSPE ni mtihani wa vitendo wa kuzunguka vituo: kengele, kituo, pini, dakika chache, kengele. Ukifika kituoni usiangalie pini kwanza. Jiulize: hii ni sehemu gani ya mwili, ni ya kulia au ya kushoto, mbele ni wapi? Ndipo uitazame pini imechomwa ndani ya nini. Kisha soma swali mara mbili, kwa maana mara nyingi hawaulizi jina la msuli. Wanauliza neva inayouendesha, na aliyeandika jina la msuli kwa ufasaha amepata sifuri. Andika ateri au vena kwa neno kamili. Taja upande. Kituo kikikushinda kiache kwa amani. Ukikibeba kwenda nacho kituo kinachofuata, umepoteza viwili.

Kwenye slaidi za mtihani taja kwanza tishu kubwa unayoiona, epithelia, tishu unganishi, msuli au neva, kisha kiungo, kisha sababu mbili zilizokufanya useme hivyo. Sababu zina alama zake hata jina likikosewa.

Usiku wa kuamkia mtihani huo usikeshe. Pitia kurasa zako za viungo, moja moja, ulale saa nne.

Ukisapu, kama nilivyosapu, usianze kwa kurudia madaftari uliyosapu nayo. Omba ruhusa ya kuingia chumba cha miili na maabara ya hadubini wakati wa likizo. Mafundi wa maabara ni watu wema ukiwaheshimu, na shikamoo ya kila asubuhi hufungua mlango ambao barua haifungui. Chukua daftari jipya moja. Hesabu wiki zilizobaki, gawanya viungo, anza na kile kilichokuangusha.

Na kama itatokea uipende kazi hii hata usitake kuiacha, ujue ina njia yake. Chuo Kikuu cha Nairobi kina shahada ya anatomia ya binadamu ambayo mwanafunzi wa udaktari anaweza kusimama kidogo akaisomea kabla hajaendelea na wodi. Kwetu pia, mwenye udaktari wake anaweza kubaki chuoni kama mkufunzi msaidizi na kusomea uzamili. Nenda ukamuulize mkuu wa idara mapema, mwaka wa pili, ukiwa umebeba lile daftari moja.